Masaa 12 ku rangi, kipimo cha masaa 8

Mu mitaa ya Lubumbashi, kule Katuba na Kenya, vijana wenzetu wanapaka rangi magari na vitanda, wengine wanabandika viatu na kole. Kuna wanaoingia saa moja ya asubuhi na kutoka saa moja ya mangaribi. Wakilalamika kichwa, wanaambiwa: kunywa maziwa, itapita. Wandugu, maziwa haitoe tolueni mu damu.

Patro mwenye kujua kusema atakujibu: "Tuko chini ya kipimo." Kipimo gani, na cha nani?

Tolueni njo ile dawa yenye kunuka mu rangi na mu kole. Mwili unageuza sehemu yake ndogo kuwa orto-kresoli, inatoka mu mikojo. Wataalamu wa ACGIH kule Marekani wanahesabu hivi: hewa iwe na tolueni sehemu 20 kwa milioni, mtu aipumue masaa 8, kisha mwisho wa kazi mikojo yake isipite miligramu 0,3 ya orto-kresoli kwa gramu moja ya kreatinini.

Lakini yule mtu wao anafanya siku 5, na kila siku anapata masaa 16 ya kupumzika, mwili unajisafisha. Sheria yetu ya kazi, ilipoandikwa 2002, iliruhusu masaa 9 kwa siku. Kuna hesabu ya Brief na Scala, ya 1975: chukua 8, gawanya kwa masaa ya kazi, kisha zidisha na masaa ya kupumzika yaliyogawanywa kwa 16. Kwa masaa 9, ile 20 ya hewa inashuka karibu na 17. Kwa masaa 12 inabaki 10. Nusu! Na bado hatujahesabu siku ya sita.

Wengine watasema inatosha kupima hewa. Hapana. Dawa hizi zinapita pia mu ngozi, na mashini ya hewa haione mikono ya mtu. Mikojo inaona, ila inataka kusomwa na akili. Pombe inazuia mwili kugeuza tolueni: aliyekunywa anaweza kuonekana safi, kumbe damu imejaa. Sigara inapandisha orto-kresoli. Tena kuna kipimo cha zamani cha asidi ya hipuriki. Hicho hata sucré yenye benzoati inakipandisha. Munganga asiyeuliza mfanyakazi alikunywa nini ao alifanya masaa ngapi, anajaza karatasi tu.

Tunadai Wizara ya Kazi iandike mipaka ya mu damu na mu mikojo kufuatana na masaa ya kweli, si kunakili namba ya masaa 8. Patro alipe vipimo. Majibu yapewe mfanyakazi mu mukono wake, na asifukuzwe juu ya namba yake: kama imepanda, ni atelie njo inatengenezwa, madirisha, masaa, glavu. Na wale wasio na kontrati wasiachwe inje, juu njo wanaoshika dawa zaidi.

Tukingojea hiyo, wandugu wapentre na wamekanika, muache kunawa mikono na esansi. Ndani mule muna benzeni, inaleta kansa ya damu. Sabuni na mafuta ya kula vinatoa rangi, polepole, lakini vinatoa.