TUJUE UGONJWA WA PIKIPIKI KABLA YA KULIPA

Ndugu Wanachama,

Nataka kusema neno juu ya pikipiki kuukuu, maana wengi wetu twala kwa hizo. Wako wapelekaji wa barua na vifurushi vya makampuni, wako wasoma mita, na wako ndugu zetu wa boda boda ambao kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi 250 cc, na tangu hapo vyombo hivi vikajaa mjini na mashambani. Nyingi kati ya zile zilizonunuliwa zamani bado ziko barabarani, nazo zimechoka. Asubuhi mtu hupiga kiki mpaka jasho limtoke, na akichelewa kazini hasara ni yake yeye, si ya pikipiki.

Shauri langu ni moja tu. Mtu asinunue spea, wala asikubali kukatwa mshahara, kabla ugonjwa wenyewe haujapimwa na kujulikana.

Nitawaambia jambo lililompata mwenzetu mmoja, mpelekaji wa vifurushi katika kampuni ambayo sitaitaja. Pikipiki yake iliwaka vizuri kila asubuhi, lakini ilipokwenda kilometa kumi hivi ilizimika njiani. Akingoja nusu saa, huwaka tena. Fundi wa kwanza akasema ni plagi, plagi ikanunuliwa. Fundi wa pili akasema ni koili, kwa kuwa koili mbovu hufa ikipata joto na huamka ikipoa. Neno hilo ni kweli, lakini fundi huyo hakupima. Koili mpya ikafungwa, na kesho yake pikipiki ikazimika kama kawaida. Fundi wa tatu akamuuzia kabureta zima. Mkubwa wake akasema dereva huyu hatunzi mali ya kampuni, akamkata mshahara miezi miwili.

Ndipo aliponijia. Tulipanda pamoja mpaka pikipiki ikazimika, na mimi sikushika spana. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Baada ya dakika moja tukapiga kiki, ikawaka. Kifuniko kile kina tundu dogo la kupitisha hewa, nalo lilikuwa limezibwa na vumbi na uchafu. Petroli ikitoka tangini na hewa isiingie mahali pake, mwisho petroli haishuki tena. Ukingoja, hewa hupenya kidogo kidogo, na pikipiki huwaka. Tulizibua tundu lile kwa sindano, na ugonjwa ukaisha. Dawa haikugharimu hata senti moja, lakini mwenzetu alikuwa amekwisha kupoteza plagi, koili, kabureta na mshahara.

Ndugu zangu, tazameni jinsi koili mbovu na tundu lililozibwa zinavyofanana kwa dalili. Mtu akikisia hawezi kuzitenga. Akipima, atazitenga kwa dakika mbili. Pikipiki ikizimika ikiwa moto, fungua kifuniko kwanza. Ikiwa haikuwaka, pima moto wa plagi hapo hapo kabla injini haijapoa. Ukingoja mpaka ipoe, shahidi amekwisha kukimbia.

Injini ya pikipiki yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, mgandamizo ndani ya silinda, na moto wa plagi kwa wakati wake. Isipowaka, moja katika hayo limekosekana. Kwa hiyo tupime kwa taratibu, tukianza na lililo rahisi.

Kwanza, kabla ya kufungua kitu, hakikisha kwamba petroli imo, koki iko wazi, na swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani haikubonyezwa. Msicheke. Nimeona watu watatu wakisukuma pikipiki mlimani, na swichi ile imefungwa.

Pili, moto. Fungua plagi, irudishe katika kofia yake, ilaze chuma chake kiguse chuma cha injini sawasawa, kisha piga kiki. Weka plagi mbali na tundu lake, ziba tundu kwa kitambaa, na usifanye hivyo mahali palipomwagika petroli, maana mvuke wake hushika moto. Usiishike plagi kwa mkono mtupu. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, moto uko. Ikiwa ni nyekundu na dhaifu, au haipo, jaribu plagi nyingine ambayo wajua ni nzima, kisha kagua kofia ya plagi, kisha waya na viungo vyake, na koili iwe ya mwisho. Mara nyingi kosa ni kofia au waya uliooza kwa mvua, navyo ni rahisi kuliko koili.

Na plagi ile ile ikitoka, isome kabla hujaipangusa. Ikiwa na rangi ya hudhurungi kama chai ya maziwa, injini yaungua vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Ikiwa na majimaji ya oili, ringi au mipira ya valvu imechoka. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba na injini yaungua kwa joto kupita kiasi. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli yafika, lakini haiwaki. Fundi anayepangusa plagi bila kuitazama ametupa barua kabla ya kuisoma.

Tatu, petroli. Chini ya bakuli la kabureta pana skrubu ya kumwagia. Weka chombo, ifungue, uone. Petroli ikitiririka bila kukoma, njia ya kutoka tangini ni nzima. Ikianza kwa nguvu kisha ikawa matone, koki, chujio lake au tundu la kifuniko limeziba. Tazama pia chomboni kama mna maji chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini yake. Na msisahau petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi, yenye mafuta ya taa huacha doa.

Nne, mgandamizo. Kiki ikishuka kwa ulaini kama pampu ya baiskeli iliyochanika, mgandamizo umepungua. Tia oili kijiko kimoja cha chai katika tundu la plagi, rudisha plagi, upige tena. Kiki ikiwa nzito, ringi zimekwisha. Ikibaki laini, shaka iko kwa valvu. Lakini kabla ya kukubali injini ifunguliwe, pima nafasi ya tapeti injini ikiwa baridi. Injini ya Honda CG125 iliundwa miaka ya 1970 kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa sana na kutunzwa kidogo, na viwanda vingi vya China vimeiga umbo lake. Nafasi ya tapeti katika CG125 ni 0.08 mm, na wewe fuata kitabu cha pikipiki yako. Nafasi ikipungua, valvu haifungi vizuri injini ikipata joto. Pikipiki huwaka asubuhi lakini hukataa mchana, na fundi mwenye haraka atakuambia ununue pistoni. Tapeti inayopiga kelele kidogo haina hatari kama ile iliyonyamaza kabisa.

Tano, ikiwa pikipiki yawaka lakini haiendi vizuri, angalia ni wakati gani inaposumbua. Ikizimika inapounguruma mahali pamoja, lakini yavuta vizuri ukifungua mafuta, shaka iko kwa jeti ndogo ya kabureta. Ikiunguruma vizuri lakini ikakosa nguvu mlimani, shaka iko kwa jeti kubwa, kwa njia ya petroli au kwa chujio la hewa. Ikitaka choki hata injini ikiwa moto, jeti ndogo imeziba kidogo au hewa yapenya mahali isipopaswa, na hasa katika mpira ulio kati ya kabureta na injini, ambao hupasuka kwa uzee. Jeti husafishwa kwa petroli na kwa kupulizwa. Ukiichokoa kwa waya utapanua tundu lake, na petroli itazidi daima.

Sasa nasema juu ya fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali yake iliyotokea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Nasema kwa kusudi. Koili iliyokufa kwa uzee si kusudi la dereva. Ringi zilizokwisha baada ya miaka mingi ya kazi si kusudi lake. Tena sheria hiyo hiyo yasema kwamba makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lakini mfanya kazi atajiteteaje ikiwa hakuna ajuaye pikipiki iliugua nini? Yule mwenzetu wa vifurushi angalikuwa na karatasi iliyoandikwa tarehe, dalili na lililoonekana, kamati ya tawi ingaliweza kusimama naye mbele ya mkubwa wake siku ile ile. Alikwenda na maneno matupu, naye mkubwa alikuwa na risiti tatu za spea.

Ndugu wa boda boda wanaokodi pikipiki si waajiriwa kwa namna hiyo, na kifungu hicho hakiwafikii. Kwao karatasi ni muhimu zaidi, maana ndiyo watakayomwonyesha mwenye pikipiki ili wapatane ni nani atakayelipa.

Wengine watasema kwamba kazi ya dereva ni kuendesha, na pikipiki ya tajiri itengenezwe na tajiri. Mimi nakubali kabisa. Sisemi dereva atengeneze bure mali ya mwingine. Nasema apime, aandike, na ajue. Kupima ni kujilinda.

Wala siwatukani mafundi. Wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, wanaokaa juani kando ya barabara. Lakini tuseme kweli: sisi wenyewe twamlipa fundi akifunga spea, na akitumia saa nzima kupima bila kufunga kitu twamwambia hakufanya kazi. Basi yeye afanyeje? Atauza spea apate chakula cha watoto. Tukubali kulipa saa ya kupima, nasi tutaokoa bei ya koili na kabureta tusizozihitaji.

Kwa hiyo naleta maombi matatu kwa kamati. Kila tawi lenye madereva wa pikipiki linunue sanduku moja la vifaa: spana ya plagi, kipimo cha nafasi ya tapeti, mita ya umeme, geji ya mgandamizo, na plagi moja nzima ya kujaribia. Tawi lichague mafundi wawili wanachama, wawafundishe wenzao Jumapili moja kila mwezi. Na karatasi ya kupima ichapwe kwa mashine yetu ya chama, iwe na nafasi ya tarehe, dalili, lililoonekana, na sahihi ya dereva na fundi. Nakala moja ibaki tawini.

Vitu hivyo si ghali vikigawanywa kwa wanachama wote, na mtu mmoja peke yake hawezi kuvinunua vyote. Ndiyo maana tuna chama. Leteni jambo hili katika mkutano wa tawi ujao, na mwenye shauri bora kuliko langu aliseme hapo.

Wenu katika kazi,
Fundi Mwanachama