Kulipa sekunde, kulipwa majaliwa

Wanaotuuzia bima ya gari kwa simu hujisifu eti ni teknolojia. Teknolojia gani? Unalipa kwa M-Pesa, cheti kinaingia papo hapo. Gari likigongwa, safari inaanza: ripoti ya polisi, fomu ya madai, mkaguzi.

Ndipo unapoambiwa bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako. Sheria, Sura ya 405, inalazimisha kufidia vifo na majeraha ya watu wengine tu, mwisho shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Hata bima kubwa huwa na kiasi unachobeba mwenyewe.

Jamani, hii ni mistari mitano tu! Iwekwe juu ya kitufe cha kulipa. Programu inaweza. Wanaouza ndio hawataki.