Virusi ndani ya ankara: Mzigo wa Kigali unavyoweza kuibwa ukiwa bado bandarini

KIGALI – Kontena linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali husafiri zaidi ya kilometa 1,400, likipita mizani moja baada ya nyingine hadi mpaka wa Rusumo. Karatasi zake husafiri kwa sekunde chache tu. Proforma, ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena na kopi ya malipo ya benki huingia katika barua pepe ya mwagizaji au ya wakala wake wa forodha zikiwa viambatanisho. Mara nyingi hufunguliwa palepale, kwa sababu kila siku ya kuchelewa ina tozo yake bandarini.

Haraka hiyo ndiyo inayowindwa na watengenezaji wa virusi vya kompyuta.

Mageuzi ya forodha ya miaka ya karibuni yameifanya biashara ya Rwanda kuwa ya kielektroniki kuliko zamani. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianza mfumo wa dirisha moja mwaka 2012. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Kigali hushughulikiwa wakati mzigo wenyewe ungali Mombasa au Dar es Salaam. Foleni za mpakani zimepungua na hakuna mfanyabiashara anayetamani kurudi kule. Lakini maana yake nyingine ni kwamba, kwa wiki kadhaa, mali ya mwagizaji ni faili tu ndani ya kompyuta. Fedha zimekwisha kutoka na bidhaa haijaonekana kwa macho. Mwizi anayeielewa biashara hii hana haja ya kukata lakiri ya kontena.

Virusi vya barua pepe vya zamani vilikuwa na kelele. Kile kilichoitwa ILOVEYOU, kilichoanza kusambaa tarehe 4 Mei 2000 kutoka Ufilipino, kilijifanya barua ya mapenzi, kikaharibu mafaili na kujituma chenyewe kwa kila aliyekuwamo katika orodha ya anwani. Aliyeathirika alijua siku hiyo hiyo. Virusi vinavyotumwa leo kwa wafanyabiashara havitaki kujulikana. Kompyuta inaendelea kufanya kazi vizuri, na pengine kiambatanisho kinafunguka kikaonyesha ankara ya kweli kabisa. Kwa nyuma, programu ndogo inarekodi kila herufi inayobonyezwa, inakusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa, kisha inayatuma kwa mwenyewe.

Ukubwa wa kazi hiyo ulionekana Novemba 2020, Interpol ilipotangaza kukamatwa kwa watuhumiwa watatu mjini Lagos, Nigeria. Kundi lao lilidaiwa kutumia aina 26 za programu haribifu, na wahanga wapatao 50,000 walikuwa wametambuliwa hadi wakati huo. Barua zao zilijifanya maombi ya kununua bidhaa, maulizo ya bei, na hata misaada ya Covid-19, kwa majina ya kampuni halali. Yaani zilikuwa barua zilezile ambazo mfanyabiashara wa Nyarugenge huamka asubuhi akizingojea kwa hamu.

Chukua mfano wa mwagizaji wa marumaru anayenunua Guangzhou. Kiambatanisho kimoja kinafunguliwa na karani wake, na neno la siri la barua pepe linaondoka. Mwizi hafanyi lolote kwa mwezi mzima, anasoma tu. Anajua mzigo una thamani gani, asilimia ngapi zimelipwa, na salio linalipwa lini. Wiki ya kulipa salio inaingia barua, ndani ya mazungumzo yaleyale, yenye nembo na sahihi ya muuzaji, ikieleza kuwa akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi na malipo yaelekezwe benki nyingine. Benki ya Kigali inatuma dola kama ilivyoagizwa. Muuzaji anasubiri, mnunuzi anasubiri, na hati ya shehena haitolewi. Wanapokuja kupigiana simu, akaunti ile imeshakaushwa.

Zamani ilishauriwa kutazama Kiingereza cha barua, kwamba kikiwa kibovu ni ya matapeli. Ushauri huo haukuwahi kufaa sana katika biashara hii, maana Kiingereza cha wauzaji wengi halali wa viwandani kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Leo, kwa mitambo ya kutafsiri na kuandika iliyopo, tapeli anaweza kuandika kwa ufasaha kuliko muuzaji mwenyewe, iwe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili.

Kinachosaidia zaidi ni kuangalia faili lenyewe. Ujanja wa ILOVEYOU ulikuwa jina lenye miisho miwili: lilionekana kuishia na TXT kama andiko la kawaida, kumbe mwisho wake halisi, vbs, ulikuwa umefichwa na Windows. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Windows bado huuficha mwisho wa jina la faili mpaka mwenye kompyuta aamue vinginevyo katika sehemu ya View ya File Explorer. Ni kazi ya dakika moja. Baada ya hapo, ankara inayoishia na exe, js, vbs au iso itaonekana ilivyo, hata ikiwa imepambwa kwa alama ya PDF. Hakuna muuzaji wa marumaru mwenye sababu ya kutuma ankara ya namna hiyo. Faili lililobanwa na kufungwa kwa neno la siri, kisha neno hilo likaandikwa ndani ya barua hiyohiyo, nalo litiliwe shaka. Hufungwa hivyo ili wachunguzi wa barua pepe wasione kilichomo.

Kwa nyaraka za Word na Excel, hatari ni makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka. Microsoft ilianza mwaka 2022 kuzizuia zile zinazotoka kwenye intaneti, lakini kinga hiyo haiko katika matoleo yote ya zamani. Huko bado unatokea ule mstari wa njano juu ya ukurasa ukiomba ruhusa, na karani mwenye haraka huubonyeza bila kusoma. Ankara haihitaji amri yoyote ili isomeke.

Hapa pana jambo ambalo ofisi nyingi ndogo hazipendi kulisikia. Office ya kunakili isiyopokea marekebisho ni mlango ulioachwa wazi. Tundu moja katika kijiprogramu cha Office cha kuandikia milinganyo ya hesabu lilizibwa na Microsoft Novemba 2017, lakini wezi waliendelea kulitumia kwa miaka, kwa kuwa kompyuta nyingi duniani hazikuwahi kupokea kiraka hicho. Kwa tundu la namna hiyo si lazima kuruhusu makro. Kufungua waraka kunatosha. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya kazi za forodha aulize toleo kabla ya kuuliza bei.

Njia nafuu kwa asiye na fundi ni kutopakua kwanza. Gmail na huduma nyingine kubwa huonyesha waraka ndani ya kivinjari bila kuushusha kwenye kompyuta, na mara nyingi hapo tu mtu hutambua kama ni mzigo wake au la. Kuusoma kwenye simu pia kunasaidia, kwa sababu virusi vilivyotengenezwa kwa Windows haviwezi kujiendesha humo. Simu nayo ina wadudu wake. Dereva anayetumiwa kwa WhatsApp faili linaloishia na apk, eti ni programu mpya ya kufuatilia mizigo au ya kulipia vibali, asiliguse.

Wasafirishaji hulengwa kwa njia yao. Kwao chambo ni ombi la bei: tani kadhaa kutoka Dar kwenda Kigali au kuendelea hadi Goma, maelezo yote yako katika kiambatanisho. Kampuni inayotafuta mzigo wa kurudi nao haitaacha kufungua. Akishaingia, mwizi anaweza kuona lori gani limebeba nini, linapita wapi na limepangiwa kulala wapi.

Udhaifu mwingine ni sanduku moja la barua linalotumiwa na watu watano kwa neno moja la siri, ambalo pengine ndilo linalofungua pia mfumo wa forodha. Tamko likiwasilishwa kwa utambulisho huo, litaonekana limetoka kwa wakala mwenyewe. Kila mfanyakazi awe na neno lake, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Tena mara moja kwa mwezi mtu afungue mipangilio ya barua pepe atazame kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua kwa anwani asiyoijua. Wezi hupenda kuiacha hapo, na hubaki ikifanya kazi hata neno la siri likibadilishwa.

Mabadiliko ya akaunti ya benki yasikubaliwe kwa barua pepe peke yake. Muuzaji apigiwe simu kwa namba iliyokuwapo kabla, si ile iliyoandikwa katika barua mpya.

Kuhusu nakala za akiba, kisa cha Maersk kinafaa kukumbukwa. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni hiyo ya meli ilikumbwa na virusi vya NotPetya, vilivyoingia kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine, wala si barua pepe. Ilibidi isimike upya kompyuta 45,000. Mojawapo ya kumbukumbu muhimu za mtandao wake ilipatikana nzima Ghana tu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale virusi vilipopita. Ofisi ya Kigali haina sababu ya kungoja bahati hiyo. Diski ya nje ichomekwe jioni, mafaili yanakiliwe, kisha ichomolewe.

Ikiwa kiambatanisho kibaya kimeshafunguliwa, kompyuta itolewe kwenye mtandao mara moja na maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia chombo kingine. Ikiwa fedha zimeshatumwa, benki ipigiwe saa ileile ili ijaribu kuzizuia, kisha taarifa ipelekwe Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa namba 166. Sheria namba 60/2018 ya makosa ya mtandao inaipa nguvu ya kuchunguza. Muda ndio unaoamua kiasi kitakachorudi. Katika operesheni ya Interpol iliyotangazwa Machi 2025, Rwanda iliwakamata watu 45 wa mtandao wa utapeli, uliohusisha simu za uongo, ambao mwaka 2024 pekee ulikuwa umechukua zaidi ya dola 305,000. Zilizookolewa zilikuwa dola 103,043.