MAKARATASI YA KOO ZETU YASILIWE NA MCHWA

Mali bila daftari huisha bila habari. Wazee wetu walisema hivyo kwa ajili ya mali. Sisi twaongeza kwamba ukoo nao ni mali, na daftari lake likipotea ukoo hubaki jina tu.

Nachingwea na Ruangwa zimo nyumba ambamo sanduku la marehemu mzee huhifadhi madaftari yaliyoandikwa kwa mkono: nani alimzaa nani, ukoo ulitoka wapi, ulihama kwa nini. Ni kazi ya miaka mingi ya mtu mmoja. Mvua moja inayopenya paa, au mchwa wa msimu mmoja, yatosha kuimaliza.

Hasara hiyo kwetu ni kubwa, kwani watu wa sehemu hizi wametawanywa mara nyingi. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliua na kuhamisha watu wengi mno. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, uliwavuta wafanyakazi Nachingwea kutoka mbali. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya pamoja, wakaacha nyuma makaburi na mikorosho. Atakaye leo kujua bibi yake alizikwa wapi, au shamba la wajomba lilipakana na nani, atamwuliza nani?

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianza kwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Wazee waliokiona kizazi kile cha vita leo hawapo. Maneno yao yamebaki kwa kuwa yaliandikwa.

Sasa njia ni rahisi zaidi. Karatasi hupigwa picha kwa mashine, au hata kwa simu, na nakala ikawekwa katika kompyuta. Twasema kazi ianze, lakini kwa utaratibu.

Kwanza, karatasi yenyewe isitupwe wala isichukuliwe. Irudi kwa mwenyewe. Pili, nakala zisikae mahali pamoja. Simu huibiwa na kompyuta hufa. Moja ibaki kwa ukoo, nyingine ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iwapo ukoo umeridhia.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kwa desturi Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Fomu yenye nafasi ya baba na babu peke yao itaupoteza ukoo wenyewe, na mashine haitauliza. Pawekwe nafasi ya mama, ya bibi na ya mjomba.

Hapana haja ya kungoja fedha za wafadhili. Kijana mwenye simu aende kwa bibi yake Jumapili hii, aombe ruhusa, wafungue sanduku pamoja. Asome kwa sauti, bibi asahihishe, naye aandike. Daftari huweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Bibi huenda asingoje.