Nyanya wa Maili Kumi na Kiingereza cha Filamu

Msimu wa tamasha za drama na filamu za shule unapokaribia, mimi huwataka wanafunzi wangu hapa Bahati waandike mswada mfupi wa filamu. Hivi majuzi mmoja wao aliandika kisa cha nyanya yake, muuza viazi wa Maili Kumi. Kisa kilikuwa kizuri mno hadi nyanya huyo alipofungua kinywa: alizungumza Kiingereza, tena cha puani. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba ndivyo watu wa filamu wanavyozungumza.

Jibu hilo limeninyima usingizi, ingawa siwezi kumlaumu mtoto. Amefunzwa hivyo na filamu zinazotuhusu sisi wenyewe.

Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Kisa chake kiligeuzwa filamu, The First Grader, iliyotolewa mwaka wa 2010 na kuongozwa na Mwingereza. Oliver Litondo aliuigiza uzee huo kwa ustadi. Hata hivyo, mwalimu wake aliigizwa na Naomie Harris wa Uingereza, na mazungumzo mengi ni ya Kiingereza. Je, mzee ambaye ndiyo kwanza anafundishwa kusoma angesimulia machungu ya vita vya Mau Mau kwa lugha hiyo?

Wapo watakaosema kwamba biashara ndiyo inayolazimisha hayo, kwani mtazamaji wa ng'ambo hataki kusoma tafsiri chini ya picha. Hoja hiyo haina mashiko. Nowhere in Africa, filamu ya Wajerumani ya mwaka wa 2001, inaanzia Rongai, papa hapa Nakuru. Humo mpishi Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, anazungumza Kiswahili na mtoto wa wakimbizi kutoka Ujerumani. Mwaka wa 2003 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar.

Nisieleweke vibaya. Sipigi vita kila kitokacho Magharibi. Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka wa 2018, ilitengenezwa kwa msaada wa Wajerumani, na ndoto ya msichana Jo ya kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu imetoka katika sinema za kigeni. Lakini wanakijiji wanaoitimiza ndoto hiyo wanataniana, wanagombana na kulia kwa Kiswahili na Kikuyu. Kuazima si kosa. Kosa ni kuazima hadi ulimi.

Walimu wenzangu, mtoto anayeamini kwamba nyanya yake hafai kusikika katika filamu mpaka abadilishwe lugha, kesho ataamini kwamba hafai kusikika popote. Tuwaelekeze wanafunzi wetu mapema.

Nimemrudishia mwanafunzi wangu mswada wake. Nimemwagiza aende sokoni, aketi kando ya magunia ya viazi, na aandike jinsi nyanya yake anavyozungumza na wateja.