Doa lisilouma lisipuuzwe

Mvuvi wa Nyegezi akichomwa na mwiba wa sato, mkono hujiondoa kabla hajafikiri. Ngozi hutuma taarifa kwa mishipa ya fahamu. Uti wa mgongo huamuru mkono ukwepe, kisha ubongo hutambua maumivu. Maumivu ni mlinzi wetu.

Ukoma humnyamazisha mlinzi huyo. Bakteria wake hushambulia mishipa ya fahamu, hivyo mgonjwa hushika sufuria ya moto asihisi. Kidonda kisichouma hakitibiwi, na vidole huharibika.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Wengi wetu tukadhani ukoma umekwisha. Lakini katika nchi yenye watu milioni 61.7, kwa sensa ya 2022, hata chini ya kiwango hicho wanaweza kuwepo maelfu.

Tiba ni bure, ya miezi 6 au 12. Dawa huua bakteria, ila mshipa uliokwisha kuharibika huenda usipone. Ukiona doa lililopauka, fumba macho, mwenzako aliguse kwa pamba. Usipohisi, nenda zahanati. Usisubiri liume.