Apendaye Ushindi Haoni Kazi Duni

Watu wengi hudhani kwamba nyota wa mpira wa kikapu hupimwa kwa wingi wa pointi anazofunga. Dhana hiyo ina sura ya ukweli, maana mchezo huamuliwa kwa pointi. Lakini historia ya ligi ya NBA ya Marekani yaikanusha. Msimu wa 1961–62 Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga wastani wa pointi zaidi ya 50 kila mchezo, jambo ambalo hakuna aliyelifikia kabla yake wala baada yake. Hata hivyo, timu yake ilitolewa na Boston Celtics kabla ya fainali, na ubingwa ukaenda Boston. Nguzo ya Celtics ilikuwa Bill Russell, ambaye wastani wake katika misimu yake yote ulikuwa pointi 15 tu kwa mchezo. Russell alicheza misimu 13, akatwaa ubingwa mara 11. Chamberlain, pamoja na vikapu vyake vyote, alistaafu akiwa na ubingwa mara 2.

Tofauti hiyo haikuletwa na kipaji peke yake, kwa kuwa Chamberlain hakupungukiwa kipaji wala nguvu. Ililetwa na jinsi Russell alivyouelewa ushindi. Alipofika Boston mwaka 1956 aliwakuta wafungaji hodari, Bob Cousy na Bill Sharman. Kilichokosekana ni mtu wa kuilinda ngome na kuinyakua mipira iliyokosa kikapu. Kazi hiyo ina jasho jingi na makofi machache, naye akaifanya kuwa yake. Hata alipozuia mtupo wa mpinzani, hakupenda kuupiga mpira mpaka majukwaani ili ashangiliwe, maana mpira uliotoka nje hurudi kwa mpinzani yuleyule. Aliugusa kwa kiasi, umwangukie mwenzake, na papo hapo shambulio likaanza. Mchagua jembe si mkulima, na mchezaji anayechagua kazi zenye sifa tu hajaupenda ushindi. Amejipenda nafsi yake.

Wapo watakaosema kwamba Russell alibebwa na wenzake. Ni kweli kwamba Celtics ilijaa wachezaji wazuri na kocha mwerevu, Red Auerbach. Lakini Cousy na Sharman walikuwapo kabla yake, na timu haikufika fainali hata mara moja. Alipokuja, ubingwa wa kwanza ukapatikana mwaka 1957. Cousy alipoondoka Celtics mwaka 1963, mataji hayakukoma. Auerbach alipoacha ukocha mwaka 1966, Russell aliupokea huku akiendelea kucheza, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi hiyo. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 35, aliiongoza timu iliyoshika nafasi ya 4 tu katika kundi la Mashariki, ikaishinda Los Angeles Lakers ya Chamberlain, Jerry West na Elgin Baylor katika mchezo wa 7 wa fainali, ule wa kuamua bingwa, tena ugenini, kwa tofauti ya pointi 2. Mtu wa kubebwa habebi hivyo.

Wengine watasema kwamba asiyetafuta sifa yake mwenyewe hupoa, kwa kuwa sifa ndiyo kichocheo cha kijana. Russell hakuwa mtu aliyepoa. Alijulikana kwa kutapika kabla ya michezo mikubwa kwa jinsi nafsi yake ilivyochemka, na mara zote 10 mashindano yalipomfikisha kwenye mchezo wa 7, alishinda. Sifa nazo hazikumpita, kwani alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara 5. Fahari alikuwa nayo, tena kubwa. Ila aliiweka katika matokeo ya timu, na huko ikamzidishia bidii badala ya kuipunguza.

Basi, vijana mnaocheza, msianze kwa kuuliza nitafunga ngapi. Ulizeni timu imepungukiwa na nini, kisha mkaifanye kazi hiyo mpaka muimudu kuliko yeyote. Nanyi makocha, wazazi na waandishi wa michezo, msiwalaumu vijana kwa ubinafsi ikiwa kila siku mnawataja wafungaji peke yao. Mtajeni pia aliyezuia, aliyenyakua na aliyetoa pasi, kwa jina lake na mbele ya watu, kwa maana kijana hujitahidi katika lile analoona linaheshimiwa.